Kiingereza cha Mama Carine

Mtoto alilia tangu simu ilipoanza mpaka ilipokaribia kukatika.

Émérance alikuwa amesimama juu ya kilima, mahali ambapo watu wote wa kijiji chao, nyuma ya mji mdogo wa Wamaza, hupanda kutafuta mtandao. Alikuwa ameikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili, kana kwamba akiilegeza kidogo mjukuu wake angedondoka kutoka ndani yake.

"Esther-Divine," aliita. "Mutoto wangu, ni koko. Koko wako, mama ya mama yako. Usilie, mama, usilie."

Kilio kikazidi. Sauti ya mwanamke mzungu ikasikika ikimbembeleza mtoto kwa maneno laini, kisha ikaja sauti ya mkalimani. Huyo alikuwa mwanamke wa Kiswahili cha pwani, aishiye hukohuko Amerika, na hakuwahi kuanza jambo bila salamu ndefu. Safari hii alizifupisha.

"Mama, samahani sana. Mama anayemlea anasema mtoto anaogopa. Haelewi unachomwambia."

"Haelewi namna gani? Mama yake, Carine, alikuwa nasema naye Kiswahili kila siku."

"Carine ametutoka mwaka sasa, mama. Mle nyumbani hakuna anayekisema. Watoto husahau upesi." Mkalimani akanyamaza, akamsikiliza mzungu, akarudi. "Anasema kila baada ya simu mtoto hali, halali, anakojoa kitandani. Anaomba simu zisimame. Labda akishakuwa mkubwa atawatafuta mwenyewe."

"Mukubwa wa miaka ngapi?"

Swali likavuka bahari, jibu likarudi. "Akishakuwa mtu mzima, mama."

Antoine, mumewe, alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka hapo, akichora ardhi kwa kijiti. Hakuwahi kuishika simu ile hata mara moja. Binti yao Carine alipokufa kwenye hospitali ya huko Amerika, na mtoto akapelekwa kwa watu wasiowajua, Antoine alisema neno moja tu, kwamba serikali ya watu imekwisha kuchukua, na mkulima wa muhogo hashindani na serikali ya Amerika. Tangu hapo alikuwa akipanda kilimani na mkewe, anachuchumaa, anashuka naye.

"Mwambie anipatie wakati," Émérance alisema. "Mwambie nitajifunza luga yao."

"Kiingereza, mama?"

"Kingereza. Mwambie vile nilivyosema."

Neno likafikishwa. Halafu mkalimani akasema, kwa sauti iliyokuwa imebadilika kidogo, kwamba mama mlezi amekubali simu ya mara moja kwa mwezi, mpaka mahakama imalize shauri la mtoto kuwa wake kabisa. Baada ya hapo ataamua mwenyewe.

Walishuka. Karibu na visima Antoine ndipo alipofungua kinywa. "Mutu anaanza kusoma akiwa mutoto, Mama Carine. Weye meno yameshaanza kung'oka."

"Ndiyo sababu nitaanza leo," alijibu.

*

Yves alikuwa mwalimu wa sekondari, mmoja wa wale ambao majina yao hayafiki kwenye orodha ya mishahara, na shamba lake la karanga lilipakana na shamba la Émérance. Alipoelezwa alikwaruza ndevu, akamtazama mama yule mwenye jembe begani, akaona hakuna mzaha.

"Kwanza tuelewane," alisema. "Wanafunzi wangu wanasoma kurasa nyingi siku moja, halafu wanalala juma nzima. Hawajui kitu. Luga ni kama bugali. Hakuna mutu anakula bugali ya juma nzima siku ya Yenga, siku ya kanisa. Kidogo, lakini kila siku. Ukikosa siku moja, hiyo njaa itakuua."

"Kila siku," alisema Émérance.

"Hata ukiugua."

"Hata nikiugua, mwalimu."

Malipo yake yakawa kumpalilia karanga. Basi kila alfajiri, njia ya kwenda shambani ikawa darasa. Yves anatangulia, anasema. Émérance anafuata, anarudia. Umande unalowesha kanga mpaka magotini, na maneno yanatoka kinywani yamepinda, Yves anayanyoosha, yanatoka tena yamepinda vilevile. *Ai em yo grenimaza.* Mimi ni koko wako. *Hau a yu tudei?* U hali gani leo? Ulimi wake ulikataa katakata baadhi ya sauti. Kuna moja iliyotaka ulimi uchungulie katikati ya meno, na yeye pale mbele alikuwa na pengo, ulimi ukapitiliza mpaka nje, Yves akacheka mpaka akashika kiuno. Émérance alijua si dharau, lakini siku hiyo alilima kwa hasira.

Aliporudi nyumbani alitwanga sombe, majani ya muhogo, na kila pigo la mtwangio alilipa neno lake. Wanawake wa jirani wakawa wanasimama uani kusikiliza. Siku ya ibada mmoja wao alimwamkia mbele ya kanisa kwa maneno ya kubuni, yanayofanana na Kiingereza cha kichaa, na kundi zima likapasuka kwa kicheko. Émérance naye akacheka kidogo, kwa sababu mtu akichekwa hadharani asipocheka anaonekana amejeruhiwa. Nyumbani alikaa jikoni na mlango umefungwa, akarudia maneno yake mpaka moshi ukamtoa machozi, au akajiambia ni moshi.

Kulikuwa na siku alizotaka kuacha. Homa ilimshika, akalala na meno yakigongana, na Antoine aliyekuwa akimpa maji alimsikia akinong'ona hayo maneno ya wazungu ndani ya blanketi. "Achana nayo leo tu," alimwambia. Émérance akatikisa kichwa. Alikuwa ameona kitu ambacho hakuweza kumweleza mumewe: kwamba kila asubuhi aliamka na maneno machache yamemtoroka, kama kuku ambao hawakufungiwa, na ilibidi ayakusanye kwanza ndipo aongeze mengine. Akiacha siku moja, atakusanya siku mbili. Akiacha mbili, mtoto amekwenda.

Simu ya mwezi huo ilipokuja alikuwa kilimani tangu mchana. Alimwambia mkalimani, "Usiseme kwanza, dada." Akavuta pumzi.

"Esther-Divine. Ai em yo grenimaza. Hau a yu tudei?"

Hapakuwa na kilio. Palikuwa na kupumua tu, pumzi ndogo ya mtoto iliyo karibu kabisa na simu. Émérance akarudia, polepole, huku jasho likimtiririka mgongoni.

"Fain," ilisema sauti.

Neno moja tu, halafu mtoto akakimbia, nyayo zake zikasikika zikigonga sakafu ya mbao. Lakini Émérance alishuka kilima kile akikimbia kama msichana, akimwambia kila aliyekutana naye njiani, anayemjua na asiyemjua, "Amesema fain! Mutoto amesema fain!"

*

Wenye bunduki walikuja mchana, watu wakiwa mashambani.

Milio ilianzia upande wa mto. Antoine alitupa jembe, akamshika mkewe mkono, wakakata kupitia muhogo kuelekea njia ya Wamaza. Hawakuwa na kitu ila nguo walizovaa na simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwenye pindo la kanga ya Émérance. Kwenye njia panda vijana watatu waliwatokea. Hawakuwa na haraka. Mmoja alimpapasa Antoine, hakupata kitu. Akamgeukia Émérance, akaona fundo.

"Leta simu."

"Baba, chukueni mbuzi. Iko pale nyumbani, mutu hayuko, chukueni yote. Hii hapana."

"Mama, leta."

Angeitoa. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angeitoa, ni mikono tu iliyokuwa imechelewa. Mikono iliifunika simu tumboni na haikufunguka. Yule kijana aliinua bunduki kwa upande wa kitako ampige, Antoine akaingia katikati, na mfupa wa mkono wake wa kulia ukalia kama kuni kavu. Ndipo mikono ya Émérance ikafunguka yenyewe. Simu ikachukuliwa. Kijana aliitazama, akaona ilivyochakaa, akacheka. "Juu ya hii?" aliwauliza, akaitia mfukoni, wakaenda.

Walitembea siku kadhaa mpaka mji wa Kasongo, pamoja na watu wengine waliobeba magodoro na watoto. Yves hawakumwona, mtu mmoja alisema amekimbilia upande wa Kabambare na mkewe. Mkono wa Antoine ulifungwa kwa miti na vipande vya kanga, ukavimba, ukawa mweusi. Hakulalamika, wala hakumtazama mkewe usoni. Walipofika mahali pa kuvuka kijito, Émérance alitaka kumshika asiteleze. Antoine akauondoa mkono wa mkewe.

"Mukono wangu umevunjika juu ya Kingereza chako," alisema. Hakupandisha sauti.

Émérance alitembea nyuma yake, na kwa sababu hakujua la kufanya na kinywa chake, kinywa kikaanza chenyewe, chinichini: *hau a yu tudei, hau a yu tudei.* Akajichukia. Lakini hakuacha.

*

Waliingia katika nyumba ya Marguerite, dada mdogo wa Antoine, anayeuza mchele sokoni Kasongo. Marguerite alimlilia kaka yake mlangoni, akamtafutia mtu wa kunyoosha mifupa, akawapa chumba kilichokuwa ghala la magunia. Siku za kwanza alikuwa mwema. Kisha wema ulianza kuwa na midomo. Chumvi ilipoisha mapema, aliuliza hewani ni nani anayepika kama yuko hotelini. Sabuni akaanza kulala nayo chumbani mwake. Na alfajiri aliposikia sauti jikoni, akatoka na kumkuta Émérance peke yake mbele ya mafiga, anazungumza na sufuria, alijishika kichwa.

"Wifi! Watu wanakimbia vita. Weye unakimbilia Kingereza?"

"Nisamehe, wifi. Nitasema polepole."

"Utasema na nani? Simu hauna. Mwalimu hauna. Mutoto mwenyewe hajue kama uko muzima."

Hilo la mwisho lilimchoma kuliko mengine, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Mwezi ulikuwa umekwisha. Simu ililia pengine mfukoni mwa muuaji, au ililia bila mtu, na kule upande wa pili yule mama alikuwa amesema, basi, hata koko mwenyewe ameacha.

Alikwenda kwenye kibanda cha wakala wa simu, karibu na soko. Kijana wa pale alikuwa na adabu. Alisema namba inaweza kurudishwa kwenye laini mpya hata leo, mama asijali, alete tu kadi ya uchaguzi iwe kitambulisho. Émérance alitoa kadi yake, ambayo ilinusurika kwa sababu aliishona kwenye sidiria. Kijana aliandika namba, akatazama kioo cha simu yake, akarudisha kadi.

"Laini si yako, mama."

"Ni yangu. Nimesema nayo miaka."

"Hapa imeandikwa Pitchou."

Pitchou! Ndiye aliyekuwa akichajisha simu za watu kwa paneli ya jua kule kijijini, na ndiye aliyemuuzia laini ile. Siku zile Émérance hakuwa na kadi, na Pitchou, kwa kurahisisha mambo, aliisajili kwa jina lake mwenyewe, kama alivyofanya kwa nusu ya kijiji.

"Basi Pitchou aje na kadi yake," alisema kijana.

"Sijue iko wapi. Tumekimbia wote. Baba, mutoto wangu amekufa, na mutoto wake atapiga hiyo namba. Hiyo tu. Hana ingine."

Watu nyuma yake kwenye foleni walikuwa wameanza kuguna. Kijana akatazama pembeni. "Nikifanya hivyo nitafukuzwa kazi, mama." Émérance akapiga magoti. Hakupanga. Alijikuta chini, kwenye vumbi na maganda ya karanga, ameshika meza ya wakala, na mama mmoja aliyemjua Marguerite alikuwa pale, akaona. Jioni hiyo Marguerite hakumsemesha kabisa. Aibu ilikuwa imeingia nyumbani mwake.

*

Hata hivyo kila alfajiri aliamka. Sauti aliipunguza mpaka ikawa midomo tu. Maneno mapya hayakuwapo, akabaki kuzungusha yaleyale, na akaona kwa hofu kwamba hata hayo yameanza kulainika kingo. Alilitamka neno na hakujua tena kama ndivyo Yves alivyolitamka.

Siku moja, akipita na kapu la ndizi alizopewa na Marguerite azitembeze, alisikia kutoka dirisha la sekondari moja, zamu ya mchana, darasa zima likiimba Kiingereza nyuma ya mwalimu. Akakaa chini ya ukuta. Tangu hapo kapu lake likawa hapo kila mchana. Mlinzi alimfukuza, akarudi. Akamfukuza tena mbele ya wanafunzi, akimwita mama kichaa, na wavulana wakamrushia hayo maneno yao, *gud moning madam*, wakicheka. Akawajibu *gud moning* kwa heshima zote, ingawa ilikuwa mchana, na mmoja wao akaona haya, akanunua ndizi. Mwishowe mlinzi alichoka. Alimwonyesha kivuli, mahali ambapo mkuu wa shule asingemwona.

Antoine alijua. Alikuwa akikaa kutwa kwenye kizingiti cha Marguerite, mkono kifuani, mtu ambaye hakuwahi kula jasho la mwingine sasa akingoja dada yake arudi sokoni ndipo ale. Asubuhi moja alimkuta mkewe jikoni kabla ya mwanga, midomo inakwenda, machozi yanashuka, na midomo haisimami.

"Kile kijana Pitchou," alisema. "Nimesikia kwa wenye pikipiki. Iko Kabambare, kwa wakwe zake."

Émérance alimtazama.

"Nitaenda kumuleta."

"Baba Carine, na mukono huo? Njia ile? Wale watu wako palepale."

"Miye siwezi kusema na mutoto. Sikutaka hata kujaribu, nilijua nitalia mbele ya muzungu." Alivuta pumzi. "Weye unaweza. Basi moja wetu aseme naye. Ukinyamaza na weye, huyu mukono ulivunjika bure."

Alimwomba Marguerite nauli. Marguerite alipiga kelele, akamwita mwendawazimu wa pili, akasema hatachimba kaburi la kaka yake kwa ajili ya simu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na fedha zimekunjwa ndani ya kitambaa, akazitupa mapajani mwa kaka yake bila kumtazama.

Siku ambazo Antoine alikuwa safarini, Émérance hakuonja chakula cha maana. Habari za njia zilifika sokoni kila jioni, na kila jioni zilikuwa mbaya: pikipiki imechomwa, daraja limekatika, wawili wamekutwa vichakani. Aliketi chini ya ukuta wa shule na maneno yakapita masikioni bila kuingia. Alikwisha kumpoteza binti, mjukuu yuko karibu kumpotea, na sasa amemtuma mumewe kifoni kwa ulimi wake mwenyewe. Hata hivyo aliyarudia. Alirudia kwa sababu hakuwa na sala nyingine iliyobaki.

Antoine alirudi mchana wa mvua, amepakiwa katikati ya dereva na Pitchou, matope mpaka kwenye nyusi, mkono umevimba upya. Hakusimulia njia. Pitchou ndiye aliyesema, akimeza mate, kwamba mahali pawili walilala kwenye majani huku watu wakipita. "Nilimwambia turudi," alisema. "Akaniambia, rudi weye, lakini niachie kadi."

Namba ilirudi siku ileile. Iliwekwa kwenye simu ya Marguerite, kwenye tundu la pili la laini, na Marguerite akasema ni kwa mwezi mmoja tu.

*

Simu haikulia. Mwezi huo ukaelekea kuisha, na Émérance hakuwa na namna ya kupiga yeye. Namba ya huko ilikwenda na simu iliyoporwa, na mara nyingi hata haikuonyeshwa. Alimtazama Marguerite kila aliporudi sokoni, na Marguerite akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Basi mchana mmoja alikuwa kwenye kivuli chake na kapu la ndizi aliposikia jina lake likiitwa kutoka mbali, na kuona kitu ambacho Kasongo haijawahi kuona: Marguerite, mwanamke mnene wa heshima zake, anakimbia barabarani bila kilemba, viatu mkononi, na mkono mwingine umeinua simu juu kama mtu anayevuka mto na kinga cha moto. Antoine alikuwa nyuma yake.

"Wifi! Muzungu! Nimemwambia alo, alo, hapana kata! Nimesema hivyo njia nzima!"

Émérance alipokea. Akangoja salamu ndefu za mkalimani. Hazikuja. Ilikuwa sauti ya yule mama peke yake, na alikuwa anasema haraka. Kwa kuchelewa Émérance akaelewa kwamba safari hii hakuna mtu katikati. Alikamata vipande: mahakama, imekwisha, mtoto, wangu. Shauri lilikuwa limemalizika. Wale wa serikali waliokuwa wakimlipa mkalimani walikuwa wamefunga kazi yao.

"Plizi," alisema Émérance, akimwomba aseme polepole. "Silou. Plizi. Ai em hia."

Yule mama akaacha kukimbiza maneno. Kisha akasema kitu kwa upole, na simu ikabadilisha mkono.

"Grenma?"

Mtoto alisema maneno mengi kwa mbio moja. Ndani yake Émérance alishika moja tu, *ded*, na akajua mtoto alichokuwa akiamini muda wote ule.

"Nou," alisema. "Nou ded. Ai em hia. Koko iz hia."

Halafu mtoto akauliza, polepole, kama mtu anayemuulizia mgonjwa, juu ya mama yake. Alitaka kujua mama yake alikuwaje. Émérance alilielewa swali lote, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, na furaha ya kulielewa ikagongana kifuani na swali lenyewe.

"Yo maza," alianza, "yo maza iz a gud gel. Yo maza iz biutiful. Shi iz…"

"Woz," ilisema sauti ndogo.

"Iz biutiful, mai beibi. Shi iz…"

"Nou, Grenma. Woz." Mtoto hakuwa na hasira. Alikuwa mvumilivu, kama mwalimu wa watoto wadogo. "Mai mami *woz*."

Ukuta ulikuwa nyuma yake, Émérance akauegemea. Yves hakuwahi kulifikia neno hilo, lakini Émérance hakuhitaji kutafsiriwa. Lilikuwa ni *yuko* lililokwisha.

"Woz," alisema. Ulimi haukukataa. "Yo maza woz… smol. Shi woz smol. Shi woz bad gel. Bad tu chiken."

"Chiken?"

"Shi ran. Chiken ran. Yo grenifaza ran."

Kutoka ng'ambo ile, kukatokea kitu alichokuwa hajawahi kukisikia tangu mtoto yule azaliwe: kicheko chake. Kilikuwa kifupi, kikakatika, kikaja tena.

Mama mlezi alirudi kwenye simu. Émérance akauliza sentensi aliyokuwa ameitunza tangu Wamaza, kama mtoto atapiga tena. Yule mama akajibu kwa neno ambalo Émérance alilijua, maana darasa lile liliimba mara nyingi dirishani: *samtaimz*. Haikuwa ahadi ya kila mwezi. Wala haikuwa hapana. Ilikuwa mara moja moja, yule mama atakapotaka. Simu ikakatika.

Marguerite alikuwa ameinama akihema, mikono magotini. Antoine alisimama mbele ya mkewe.

"Amesema nini?"

Émérance alimrudishia Marguerite simu yake, akaifuta kwanza jasho kwa pindo la kanga.

"Amesema mama yake alikufa."

"Si tunajua, Mama Carine."

"Weye ulijua," alisema. "Miye niliambiwa tu."

Akaketi chini, pale kwenye vumbi la ukuta wa shule, akaweka mikono kichwani, na kilio kilichokuwa kimekaa ndani tangu siku habari ilipofika kutoka Amerika kikatoka, kikubwa, cha kijijini, mpaka darasa likanyamaza na wanafunzi wakaja dirishani. Mlinzi alitoka kumtuliza, Antoine akamzuia kwa mkono wake mzima. Marguerite alivua kitenge chake cha juu, akakitandika kando ya wifi yake, akaketi, naye akaanza kumwita Carine kwa majina yote aliyomwita alipokuwa mtoto.